Saa ya Tabo ya Vuai

Mkwe wangu Vuai ni mtu wa Makunduchi, na kazi yake hapa Guangzhou ni kukusanya vipuri vya magari na kuvipeleka Dar es Salaam. Hauzi kitu ambacho hajakifunga mwenyewe kwanza. Akinunua taa, huzifunga kwenye gari lake. Zikidumu ndipo anaagiza katoni. Ndiyo maana dashibodi yake imejaa matundu kama chujio.

Mwaka 2006 wateja walitaka saa za tabo, zile ndogo zinazoonyesha upepo unaosukumwa kwenye injini. Akafunga moja Ijumaa baada ya sala, uani nyuma ya jengo letu karibu na Liuhua. Mpira wake mwembamba aliuunganisha na injini, akaupenyeza hadi ndani ya gari, nyuma ya saa. Alasiri hiyo hiyo alikuwa ampeleke binti yangu Fathiya, mjamzito, hadi Shenzhen kwa wifi yake.

Nilishuka na chetezo. Kwetu gari lililofungwa kitu kipya halitoki safari bila kufukizwa ubani.

"Mama, usiniunguzie viti," Vuai alisema. "Likinukia kama bi harusi nitamuuzia nani?"

"Muuzie umtakaye. Aliyekaa ndani ndiye nisiyemuuza."

Fathiya alicheka, keshakaa garini. Injini ilikuwa inanguruma. Ndipo nikasikia pumzi. Inavuta, inanyamaza, inavuta tena, taratibu, kama mtu aliyelala chali. Nikamtazama binti yangu. Si yeye.

Moshi wa ubani haukupanda. Ulijinyoosha kama uzi, ukaingia nyuma ya ile saa, ukapotea.

"Vuai, humo ndani kuna nini?"

Akainama kutazama. "Mpira umechomoka, Mama. Injini inavuta hewa kupitia hapa." Akauchomeka, akaubana kwa klipu. Pumzi ikakoma, mshale ukashuka chini ya sifuri. "Ndivyo unavyotakiwa injini ikiwaka. Umeona? Jini lako ni mpira."

Moyo ukanitulia. Akazima injini aende kupakia mizigo.

"Mbona mshale haurudi kwenye sifuri?" Fathiya akauliza.

Na moshi, uliokuwa umeanza kupanda, ulipinda tena ukaelekea kule kule.

"Umezima kweli?" Fathiya akauliza tena.

Vuai alimwonyesha ufunguo mkononi. Safari hii hakuwa na mzaha. Akauchomoa mpira kwenye saa, akaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Alikaa hivyo kitambo. Alipotaka kukitoa hakikutoka, ikabidi akivute. Kilikuwa na alama nyekundu ya duara.

"Mama," alisema polepole, "mteremshe Fathiya."

Walikwenda Shenzhen kwa treni. Saa zile hakuagiza hata katoni moja. Mteja wa Dar alipopiga simu kuuliza kama zinasoma, nilimsikia Vuai akijibu kwamba zinasoma, ila yeye hajui zinasoma nini.