Nilivyokosea kupima mafuta ya mchaichai hapa Tunduma, na bado nikapata kazi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni wa Mbozi, shule niliacha darasa la sita. Tangu hapo ni kuzunguka tu: dhahabu Mkwajuni, kahawa Igamba, kupakia magari Nanyala. Nikishaielewa kazi, nachoka nayo.

Mwaka huu nikakutana na Mama Tumaini hapa Tunduma. Anachanganya manukato ya mafuta ya mimea na kuwauzia Wazambia. Alitafuta mtu wa kwenda kumnunulia mafuta vijijini. Niliitaka kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya.

Akaweka chupa mbili mezani.

"Zote mchaichai. Moja imechakachuliwa. Ipi?"

Nikatoa punje za kahawa mfukoni. Nilisoma mtandaoni kwamba wataalamu hunusa kahawa kusafisha pua. Nikanusa chupa, kahawa, chupa. Moja kali mpaka machozi, nyingine imepoa. Nikasema ile kali ndiyo orijino.

Mama akacheka mpaka akashika meza.

"Nyie watu wa Mbozi! Kahawa mnailalia, na hapa unainusa tena? Hapo ungekuwa umeninunulia feki, mwanangu. Nenda salama."

Kazi imeota mbawa. Ila udadisi wangu ni ugonjwa.

"Sawa, mama. Nionyeshe tu nimekosea wapi."

Akadondosha tone moja la kila chupa kwenye karatasi, pamoja na mafuta ya karafuu na ya mkaratusi ili nilinganishe. Akasema pua ikichoka ninuse shati langu mwenyewe. Kisha akaenda sokoni.

Wakuu, mkaratusi unaingia kwa kishindo kama mgeni mwenye haraka, halafu huyoo. Karafuu inakuja taratibu na haina mpango wa kuondoka.

Kufika mchana, ile mchaichai kali inanuka sabuni, na karatasi ina doa la mafuta. Iliyopoa bado ni majani mabichi, karatasi safi.

Mama akarudi.

"We bado upo?"

"Mama, mbona karafuu sasa ina utamu ambao asubuhi haukuwepo?"

Akaweka kikapu chini.

"Wenzako wawili waliokuja kujaribiwa kabla yako walipatia chupa, wakaanza kuuliza mshahara. Wewe umekosa, unauliza karafuu. Kesho saa moja uwe hapa."

Huu ni mwezi wa tatu niko kazini kwake, na sijawaza kuhama.

Nilichojifunza: ukali si ubora. Weka tone kwenye karatasi, subiri; mafuta halisi hupaa, doa likibaki ujue yamechanganywa. Ndipo utoe hela.

Msandali bado unanishinda. Mnaoujua, mnautambuaje wa kweli? Mwageni maujuzi hapa chini.