Uchu Niliowagawia Watu wa Kanyenye

Nisingesema haya kama Kanyenye nzima isingekuwa imeshacheka. Afadhali mnisikie mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua za Kiingereza za kwenda kwa Bwana Shauri, Mwingereza wetu wa bomani. Basi nikaokota neno kwenye kamusi, "crave". Kamusi ilisema ni kutaka kitu kwa uchu, kama mwenye njaa anavyotaka chakula. Nililipenda mno. Kila aliyekuja kuomba ruhusa ya chochote, nilimtilia uchu.

Mzee Kapela wa Igalula alitaka kibali cha kutundika mizinga ya nyuki katika msitu wa serikali. Tulipoitwa bomani nilimsindikiza kifua mbele, maana na mimi nilikuwa nimeandika barua ya kuomba ukarani palepale bomani.

"Mzee," Bwana Shauri akamwuliza kwa Kiswahili safi, "barua yako inasema unakitaka kibali kama mtu mwenye njaa. Hali ni mbaya hivyo?"

Mzee akanigeukia taratibu. "Mimi nilimwambia huyu, nikipewa nitashukuru, nisipopewa nitarudi kwangu. Mtu mzima haombi kwa uchu, bwana."

Bwana Shauri akampa kibali chake. Kisha akafungua barua nyingine. "Na huyu hapa ana uchu wa kiti cha karani. Unamjua?"

Mzee Kapela akanitazama kwa huruma, kuanzia viatu hadi kichwani.

"Namjua," akasema. "Kiti kisubiri. Mpeni kwanza ugali."