Bi Ruma wa Kuala Lumpur

Mwanangu Ruqaiya, ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu ndani ya basi, hadi abiria wa hapa Kilburn, London, wanahama viti vya karibu yangu. Nakusimulia wewe kwa sababu wiki ijayo unakwenda Kuala Lumpur peke yako. Jana nilipokuuliza umejiandaa vipi, ukanijibu kwa Kiingereza chenu kwamba una simu, una ramani ndani ya simu, na una chaja ya akiba. Nikanyamaza. Si kwamba nilikubali, ila nilikuwa na sambusa mdomoni.

Basi nisikilize ami yako, ingawa skuli niliiacha njiani. Kidato cha pili niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, na mwalimu hakunifuata. Nadhani alifurahi.

Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye duka la vitambaa hapa hapa Kilburn, na nimeshamchumbia Mwanaisha, huyu mke wangu unayemjua. Kabla ya harusi nikataka nitembee dunia kidogo, huko huko Kuala Lumpur, nirudi na kitambaa kizuri cha bibi harusi. Baba yake, Mzee Haji, Mungu amrehemu, akaniambia neno moja tu mlangoni.

"Ukifika, andika jina la pahala unapolala. Tia mfukoni."

"Mzee," nikamwambia, "Wamalei watu wetu wale! Maneno yao ndiyo yetu: wana dunia, wana habari, wana sabuni, wana kitabu. Lugha moja tu ile."

Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yanachemka na hana kitambaa cha kushikia sufuria.

Nikafika. Nyumba ya wageni niliyopata ilikuwa ghorofani, chumba kidogo, na mwenyewe mama mmoja mtu mzima mpole sana. Nje palikuwa na kibao, kimeandikwa *Rumah Tumpangan*. Nikasema, ah, kumbe huyu mama anaitwa Ruma. Siku nne nzima namwamkia, "Shikamoo, Bi Ruma!" Naye anaitika kwa kichwa na kucheka. Mimi nikajisifu kwamba nimeshakuwa mwenyeji.

Siku ya tano ndiyo ya kurudi. Ndege saa kumi na moja jioni, na harusi keshokutwa yake, wageni wanatoka mpaka Croydon. Asubuhi nikaacha begi na pasipoti chumbani, nikatoka kutafuta kile kitambaa. Nikamkuta mzee mmoja amekaa kibarazani kwake. "Baba, duka wapi? Duka?" Yule mzee akasimama, akanishika bega, akanipigapiga mgongoni kwa huruma, akanipa peremende. Sikuelewa. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba *duka* kwao ni huzuni. Yaani nimemwendea mtu asiyenijua, namlilia, "Huzuni, baba, huzuni!"

Kitambaa nikakipata, cha rangi ya dhahabu. Nikageuka kurudi, na barabara nikaona zote zinafanana. Si neno, nikasema, jina ninalo. Nikamsimamisha wa kwanza, "Ruma Tumpangan?" Akanionyesha kushoto. Nikaenda kushoto, nikamwuliza wa pili, akanionyesha kulia. Wa tatu akanirudisha nilikotoka. Kila nilipofika pana kibao kimeandikwa Rumah Tumpangan, na ndani hayumo Bi Ruma wangu. Nikasema huyu mama tajiri kweli, ana nyumba mji mzima!

Mwanangu, *rumah* ni nyumba. *Rumah tumpangan* ni nyumba ya wageni, basi. Mimi siku nne nilikuwa namwamkia bibi wa watu, "Shikamoo, Bi Nyumba."

Ikafika saa saba. Jasho linanitiririka, pasipoti iko chumbani na chumba sijui kiko wapi, na kichwani namwona Mwanaisha amekaa na hina mikononi, mimi sipo. Lakini unadhani nilimwambia mtu nimepotea? Thubutu! Kiingereza changu kilikuwa cha kukatia tikiti ya basi tu, na nikaona haya. Nilikuwa natembea haraka haraka, kifua mbele, kama mtu mwenye miadi. Kuna muuza matunda nilimpita mara nne. Mara ya tatu akanipungia mkono, mara ya nne akaita mwenzake aje anione.

Mwisho miguu ikakataa. Nikaingia kwenye mkahawa, mama mmoja kajifunga mtandio wa buluu anapakua wali. Nikakumbuka kwamba chini ya nyumba yetu palikuwa na mtu anachoma kuku. Nikasema nimweleze.

"Dada," nikamwita.

Akaganda, upawa hewani.

"Dada! Kuku! Ruma!"

Akajitazama kifuani. Akatazama kucha zake. Akanitazama mimi. Ruqaiya, *dada* kwao ni kifua, na *kuku* ni kucha. Nimeingia kwa watu saa ya chakula, natweta, namwambia, "Kifua! Kucha! Nyumba!" Masikini, akadhani naumwa kifua. Akanivutia kiti, akanipa maji ya moto ya tangawizi, akanipepea na sinia.

Ule upepo wa sinia ndio ulionimaliza. Machozi yakanitoka. Nikatoa lile neno moja la Kiingereza nililokuwa nalikimbia tangu asubuhi, kwamba nimepotea.

Yule mama akashusha sinia. Akanijibu kwa Kiingereza safi, kunishinda mimi niliyetoka London: "Sasa mbona hukusema, kaka wa watu? Dirishani kwako unaona nini?"

Nikafikiri. "Kinyozi. Ana kasuku anayepiga mluzi."

Mkahawa mzima ukacheka. Kasuku yule kila mtu anamjua! Mumewe akanipakia kwenye pikipiki, na haikufika dakika tano nikamwona Bi Ruma mlangoni, begi langu amelikumbatia, anachungulia barabara. Nikataka kumwamkia, sikujua tena nimwite nani. Nikamuuliza jina lake hasa. Anaitwa Salma. Ndege niliipata, mlango ukikaribia kufungwa.

Siku ya harusi nikamsimulia Mzee Haji, nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Kwa hivyo ungemwacha binti yangu na hina mkononi, kwa sababu ya kuona haya kusema neno moja?"

"Nisamehe, mzee."

Akatia mkono kwenye koti lake jipya la harusi, akatoa karatasi imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa. Ilikuwa anwani ya nyumba yake mwenyewe, hapa Kilburn, kwa mwandiko wa Mwanaisha alipokuwa mtoto.

"Nimekaa hapa miaka mingi kuliko niliyokaa Pemba," akasema, "na siku ya ukungu bado naitoa, namwonyesha mtu. Sasa nenda kaoe."

Basi mwanangu, simu chukua, sikukatazi. Lakini simu huzima, na chaja ya akiba nayo husahauliwa kitandani. Jina la unapolala liandike kwenye karatasi, na uulize kwanza kama ni jina kweli au ni nyumba tu. Mwenye nyumba mwulize anaitwa nani, siku ya kwanza, si ya mwisho kama ami yako. Na ukipotea sema umepotea, mapema, kabla hujaanza kutembea kifua mbele. Walimwengu wengi ni wema, ila hawawezi kumsaidia mtu anayejifanya anajua anakokwenda.

Karatasi ya Mzee Haji, Mwanaisha ameihifadhi. Ya kwangu iko kwenye koti, jana mchana niliitoa, usiniulize wapi. Yako nimekutilia kwenye mfuko wa begi lako, bado tupu. Ijaze ukifika.

Nenda, mwanangu, Mungu akukutanishe na wenye kiti cha ziada na maji ya tangawizi, akulainishie ulimi kwenye kuuliza, na akurudishe kwetu salama na kichekesho chako mwenyewe, maana hiki changu basi zima wameshakichoka.