Karatasi Iliyozidi Skrini

Nilikwenda Kasese kununua skrini ya kompyuta nikiwa na karatasi moja tupu ya A4 ndani ya bahasha, na flashi mfukoni. Muuza kompyuta za mtumba alinionyesha skrini moja baada ya nyingine, zote pana, zote zinang'aa, nami kila mara nilitoa ile karatasi nikaisimamisha juu ya kioo. Kila mara ilizidi kwa chini, kama vidole viwili hivi. Nikatikisa kichwa. Akaanza kuniona mkorofi.

"Bosi, watu yote inataka hii," alisema. "Mpira utaona uwanja muzima."

Mpira! Huo mpira ndio ulionifikisha pale.

Bwera, nilikokuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na soko, skrini yangu ya kwanza niliichagua kwa upana wake. Nilitaka watu waione kutoka barabarani. Jumapili walijaa mlangoni kutazama mechi, nami nikavimba kichwa. Kumbe kazi yangu yenyewe ilikuwa ya karatasi zinazosimama wima: barua, ratiba za mazishi, na zaidi ya yote makubaliano ya kuuziana mashamba. Kwenye skrini ile ukurasa ulionekana nusu, na nusu ya pili ilibaki chini mpaka uivute juu. Sikuona shida. Na kama wachapaji wote ninaowajua, sikuwahi kuanza makubaliano kwenye ukurasa mtupu. Unafungua ya zamani, unabadilisha majina na mipaka, kazi imekwisha.

Shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa na shamba la kahawa na migomba Maliba, mlimani. Mumewe alizikwa humo nyuma ya nyumba, na watoto wao wawili kando yake. Magoti yalipomshinda kupanda ule mlima, akaamua kuuza na kuteremkia kwa binti yake aliyeolewa Muhokya. Sharti lake lilikuwa moja tu: makaburi yabaki yake, na siku yake ikifika alazwe pale pale kando ya mumewe. Akawapita wachapaji wote wa Kasese, akaja hadi Bwera kwangu.

"Wewe mutoto wangu," alisema. "Wewe huwezi kunikosea."

Mnunuzi alikuwa askari mstaafu, mtu wa kaskazini aliyelowea huku kwetu tangu siku za kambini. Kikonzo, lugha yetu, hakukijua, kwa hiyo siku hiyo sote tuliongea Kiswahili. Kwetu mchapaji ndiye msomaji pia. Kabla ya kutoa karatasi anawasomea wahusika kwa sauti, maana wengi hawasomi, na makubaliano yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Nikasoma huku nikifasiri. Nilipofika kifungu cha nne, cha makaburi, nilisoma pole pole ili shangazi asikie kila neno. Kilikuwa mstari wa mwisho kwenye skrini. Shangazi akashusha pumzi.

"Basi, inatosha. Toa."

Nikatoa. Watu wakatia dole gumba, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, soda zikafunguliwa. Hakuna aliyeisoma tena karatasi. Nasema uongo: mmoja aliisoma.

Shangazi alikufa miaka mitatu baadaye, Muhokya, wakati wa kiangazi. Tulipopanda Maliba kuchimba kaburi, yule mstaafu alikuwa anatungoja njiani na nakala yake, ameitunza vizuri ndani ya plastiki. Hakupaza sauti. Alinionyesha kwa kidole kifungu cha saba, cha makubaliano ya watu wengine kabisa, ambacho nilisahau kukifuta: muuzaji haachi chochote katika ardhi hii, kiwe juu ya udongo au chini yake, wala hana haki ya kurudi.

"Afande, hilo ni kosa langu," nilimwambia. "Ulinisikia nikisoma. Mama ulimsikia."

"Nilisikia. Halafu nilisoma," alisema. "Juu inasema hivi, chini inasema hivi. Jeshini order ya mwisho ndiyo order."

Tulimbembeleza mpaka jua likapanda. Mwenyekiti alisema muhuri ni muhuri. Na maiti haingoji kesi, sembuse kwenye joto la Muhokya. Tukamzika uani kwa mkwewe. Alipoishi pale, shangazi alikuwa akisikia pikipiki ya mkwe inaingia, anajificha chumbani, kwa sababu hiyo ndiyo heshima ya mama mkwe kwetu. Sasa amelala kando ya njia anayopita mkwe kila asubuhi, na hana chumba cha kuingia.

Nilijichukia. Ndugu waliniambia kosa ni la mashine, wengine wakanikumbusha kwamba majuto ni mjukuu, nami sikutaka kusikia habari za mjukuu wala babu yake. Mashine ilinionyesha upana kwa sababu upana ndio niliouchagua.

Basi pale Kasese, muuzaji alipochoka nami, aliinama akavuta kutoka chini ya meza skrini ya zamani, karibu ya mraba, fremu yake imegeuka njano.

"Hii haina soko," alisema. "Hii iko ya watu ya makaratasi."

Nikasimamisha karatasi yangu juu ya kioo. Ikaenea, ikabaki nafasi nyembamba kama ukucha. Nikampa flashi aijaribu. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja tu. Akaufungua, nao ukakaa mzima mbele yetu, tangu kichwa cha habari mpaka mistari ya kutia sahihi. Kifungu cha nne na cha saba vilikuwa vinatazamana, bila kuvuta chochote. Nilikuwa nimevisoma mara nyingi tangu mazishi, lakini sikuwahi kuviona pamoja.

Muuzaji naye akasoma, midomo ikicheza. Hakuchukua hata dakika.

"Lakini hapa juu makaburi ni ya mama, hapa chini si yake," alisema. "Nani aliandika hii?"

"Mimi."

Akacheka, akidhani natania, akaanza kukunja waya.