Toa Kumi

Mtaani wananiita Sindano. Wanasema ni kwa sababu ya kushona, lakini wanaonijua wanajua ni huu ulimi. Sijali. Miaka ishirini na miwili nimewashonea watu sare za shule na magauni ya harusi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Baba, chumba chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani. Nashona mchana taa ikiwaka. Siku hizi hata taa ikiwaka, uzi unaingia kwenye tundu mara ya tatu au ya nne.

Juu ya chumba hicho, chini ya vigae, ndipo darini. Ni papana kama nyumba nzima, na pamejaa masanduku na viti vya miguu mitatu. Kwenye ukuta wa upande wa mashariki kuna kidirisha, na asubuhi mwanga unamiminika mle bila faida. Nimepatamani pale tangu Baba alipofariki. Sikumwambia mtu. Nilisubiri Mama aone mwenyewe.

Sasa sikia. Jumapili moja akaja mdogo wangu, Kitinda. Ndivyo tunavyomwita kwa kuwa ndiye wa mwisho, ingawa ana miaka thelathini na minane na mume juu. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo. Mama, bila kunitazama, akasema, "Kitinda atatutengenezea darini, pawe chumba."

"Chumba cha nani?"

"Chumba tu," Mama akasema, kisha wakatazamana, wakabana vicheko.

Nilishaelewa. Kitinda alikuwa amehamishiwa ofisi ya karibu, na yeye na mumewe walikuwa bado wanatafuta pa kukaa. Kumbe wamepata. Mimi niliyemwogesha Baba hadi siku yake ya mwisho, mimi ninayempaka Mama dawa ya magoti kila jioni, nibaki gizani na cherehani yangu, na yeye aje na masanduku yake apande moja kwa moja kwenye mwanga. Chai yangu nikairudisha jikoni.

"Dada, njoo unishikie daftari," Kitinda akaniita. Alikuwa amesahau tepu yake ya kupimia ofisini, akachukua ya Baba.

Hiyo tepu ina hadithi yake. Baba alikuwa seremala, na siku moja mlango uliibana tepu yake ukaikata sentimita kumi za mwanzo. Akakataa kununua nyingine. Basi nyumbani kwetu ikawa hivi: anayepima anasoma anachokiona, na anayeshika daftari anajibu "toa kumi," anapunguza, ndipo anaandika. Tangu utotoni Kitinda ndiye alikuwa msomaji, mimi mwandishi. Baba akituita, tulikuwa tunashindana nani atafika kwanza.

Tukapanda kwa ngazi ya kuegemeza. Akapima urefu wa sakafu, akasoma namba, akasubiri. Nami nikafyata ulimi. Nikaandika vilevile alivyosema. Akageuka akanitazama kidogo, akakuna kichwa, akaendelea. Nikajisemea, amesahau. Amekaa na wasomi, hata tepu ya babake imemtoka kichwani. Wacha akosee.

Kutoka sakafu ya chini hadi mbao za darini akasema, "Mia mbili themanini." Nikaandika mia mbili themanini. Nilijisikia raha, sitaficha.

Kisha akatoa chaki, akaanza kupanga chumba pale pale sakafuni. Paa la nyumba yetu limeinuka katikati tu. Ukienda pembeni unainama, ukiendelea unatambaa. Kwa hiyo ngazi lazima itokee katikati, la sivyo kila anayepanda atagonga kichwa, na pembeni panafaa makabati mafupi tu. Akanisimamisha hapa, akanihamishia pale. Niinue mkono. Niiname. "Dada, ukikaa hapa mwanga unakujia kutoka upande gani?" Nikamjibu, "Unatoka ulikotoka jana." Ananigeuza nguzo, nikawaza, nimpimie raha zake.

Karibu na kidirisha akachora mstatili mkubwa, mita mbili na nusu kwa moja na robo. "Unaweza kuuzunguka pande zote?" akauliza. Nikauzunguka huku nikiuma midomo. Kitanda. Cha kuzungukwa pande zote, kama cha malkia.

Wiki iliyofuata alileta ramani. Mama alinikunjulia mezani, nikasema nina gauni la watu linanisubiri. Sikuitazama hata kwa jicho la pembe.

Fundi ndiye aliyeichukua. Huyu alijifunza useremala kwa Baba, na kwetu ni kama kaka. Nilimwahi getini, ramani ikiwa imeviringishwa kwapani mwake.

"Fundi, ile ngazi utoe kumi. Walipima kwa tepu ya Mzee, na bibie kasahau."

Fundi akacheka. "Kitinda asahau toa kumi?"

"Nilikuwepo. Daftari nilishika mimi."

"Basi umeniokoa, Dada Sindano," akasema, na hakuhangaika kupima tena. Mgeni angepima. Yeye alilelewa na ile tepu, akaniamini. Nami nikaanza kuisubiri siku ya kufunga ngazi, niseme mbele ya Mama ni nani kati yetu bado anamkumbuka Baba.

Siku ikafika, na Kitinda akaja kushuhudia. Fundi alileta mbao kwanza, zimepigwa randa hadi zinateleza, akazipandisha darini pamoja na msaidizi wake. Nikamwuliza, "Kitanda gani hiki hakina ubao wa kichwani?"

"Kitanda?" Fundi akashangaa. "Hii si meza yako ya kukatia? Imeandikwa kwenye ramani. Meza ya Dada. Cherehani ya Dada. Kiti cha Mama, karibu na dirisha."

Nikamtazama Mama. Alikuwa anacheka kwa aibu, kiganja mdomoni. "Tungekuambia ungekataa," akasema. "Wewe kila kitu unakataa. Nataka niwe nakaa huko juu unaposhona. Kule gizani siku hizi hata uso wako siuoni vizuri."

Kabla sijafungua mdomo, ngazi ikainuliwa, ikasimama, na juu kabisa ikabaki chini ya mbao za darini. Fundi akapima kwa tepu yake. "Imepungua kumi," akasema, akanigeukia mimi. Vidato vyote vilikuwa kama sentimita ishirini. Cha mwisho kilikuwa karibu thelathini, na magoti ya Mama hata ishirini yanahesabu.

Kitinda alinitazama mimi, akamtazama Fundi, akaelewa yote. "Ni kosa langu," akasema. "Nilikosea hesabu."

"Hakuna neno, mwanangu," Mama akamwambia, akampapasa shavu. "Watu wangapi wanaweza kukiri hivyo? Una moyo wa babako."

Nisikilize vizuri hapa, maana sijivunii. Nilichokisikia si toba. Ni wivu. Hata kosa langu kalichukua yeye, na kalipendezesha, na kasifiwa.

"Mwache," nikasema. "Kosa ni langu. Nilimwambia Fundi atoe kumi."

Kitinda akasema polepole, "Lakini nilishatoa, Dada. Kipimo cha kwanza uliponyamaza nilijua umenikasirikia. Kile nikakirekebisha kwenye karatasi. Vingine nikawa natoa mwenyewe."

Nikakosa pa kuweka macho.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alishika ubao wa ngazi akaanza kupanda, taratibu, kidato baada ya kidato, hadi kile cha mwisho. Akainua goti, likakataa. Akashusha mguu. "Basi nitakaa chini," akasema, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Nikapanda nikampita, nikapiga magoti darini, nikamshika mikono. Kitinda akamsukuma kutoka chini. Ngazi mpya Fundi aliahidi kuileta baada ya wiki mbili, na kwa wiki mbili hizo tulimpandisha Mama hivyohivyo, asubuhi na mchana, yeye akilalamika kwamba tunamkunja kama gunia.

Siku ile alipokaa kwenye kiti chake alisema jua linampiga machoni, anataka pazia. Nikatandika kitambaa kwenye meza mpya. Kitinda akachukua tepu ya Baba, akapima dirisha, akasoma, "Mia na ishirini." Akasubiri.

"Toa kumi," nikasema, nikakata.