Marashi kwenye Kadi ya Picha

Mdogo wangu hajui kuzungumza akiwa mikono mitupu. Tangu utotoni, ukitaka kujua ana nini, usimkalishe ukamtazama usoni. Mpe samaki apare au nazi akune, kisha jifanye unatafuta kitu kabatini, na maneno yatatoka yenyewe. Kwa hiyo alipokwenda Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi, na simu zake zikawa za "niko sawa, nyote wazima?" kisha kimya, sikushangaa. Nilikuwa nikimngojea kwenye mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa kuendesha malori. Ndiyo, mimi, mwalimu wa watu wazima, tena mtu wa Amu, yaani Lamu, ambako mizigo hubebwa na punda. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tulifuatana, yeye mbele mimi nyuma, tukipeleka mbao katika miji ya Wazungu ambayo hakuna kati yetu atakayeiona. Yeye alitumia kompyuta ya wenzake wa chumbani. Mimi nilitumia ile aliyoniachia, kompyuta ya michezo aliyoinunua Mombasa ikiwa imeshachoka. Akishika usukani alizungumza, na sauti nikiitoa kwenye spika ili mama naye asikie. Mama alikaa nyuma yangu akishona kofia, asitie neno. Alijua akimwita tu, mtoto atarudi kwenye "niko sawa."

Jumamosi moja, katikati ya kona, mdogo wangu akasema, "Dada, mimi huku nimeshindwa."

Nikamuuliza ameshindwa na nini. Akapita daraja, akasema atanieleza Jumamosi ijayo. Nyuma yangu sindano ya mama ilikuwa imesimama.

Kabla ya Jumamosi hiyo kufika, wenye mchezo wakaubadilisha. Nilipoufungua nikapata kioo cheusi na maelezo kwamba kadi ya picha ya mashine yangu, kile kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye kioo, ni ya zamani mno, na kumbukumbu ya mashine yenyewe haitoshi. Nikapiga simu, haikushikwa. Nikaandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Wiki zikapita hivyo. Niliwagombeza wanafunzi kwa makosa ya kitoto, nikamgombeza muuza maziwa, na nyumbani sikuthubutu kumtazama mama. Hasira zote zile zilikuwa woga. Tunazisikia habari za vijana wanaoshindwa huko, na jinsi baadhi yao wanavyorudishwa ndani ya majeneza.

Nikaanza kuisaka kadi. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kubadilisha boriti za dari, nayo haikutosha hata boriti zenyewe, sembuse kompyuta mpya. Muuzaji mmoja wa Mombasa akaniambia anayo kadi iliyotumika, inafanya kazi, lakini ikishatoka dukani hairudi. Nikakubali. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nikajiambia, ingawa upwa wenyewe sasa ni wa simu na mtu nisiyemjua. Akaniongezea bure na kijiti kimoja cha kumbukumbu, cha zamani lakini kizima. Mzigo ukaja kwa basi hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti, ukanifikia umefungwa gazeti ndani ya mfuko wa unga.

Nikaifungua mashine barazani. Hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kuila: misumari imeota kutu, na mahali pa kuchomekea pamefanya ukungu wa kijani. Nikapasugua kwa spiriti na mswaki. Meno ya kile kijiti nikayasugua kwa kifutio cha penseli, kama nilivyoona kwenye video, mpaka yakang'aa. Kisha nikaijaribu kadi, nikaona ni ndefu kuliko sanduku. Imezuiwa na kibati cha ndani kwa upana wa kidole. Nikaazima msumeno wa chuma kwa jirani fundi wa milango, nikautoa ubao wenye mitambo nikauweka mbali, nikakikata kibati huku jasho likinitiririka. Jirani aliposikia ile kelele alikuja kutazama. Akaniambia katika maisha yake hajaona mtu akikata nyumba ili kitanda kiingie.

Nilipomaliza niliipangusa kadi, nikaiweka juu ya sinia iliyotandikwa kitambaa cheupe, isipate vumbi la chuma. Nikaenda kunawa.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama juu ya sinia, mrashi mkononi. Ule mrashi wetu wa fedha wenye shingo ndefu, unaotoka kabatini siku za maulidi na harusi. Baraza yote ilikuwa ikinukia waridi. Matone yalikuwa yamekaa juu ya kadi, mengine yakiteremka polepole kati ya vyuma vyake.

"Nimeinyunyizia," akasema, ametulia kabisa. "Isipate mato ya watu."

Macho ya watu, yaani husuda. Kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu, kiwe nguo, kiwe mwali. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekiweka juu ya sinia na kitambaa cheupe, mfano wa vyombo vya bibi arusi. Angefanya nini? Lakini hayo nimeyafikiri baadaye. Wakati ule niliinua kadi nikaiinamisha, na marashi yakatoka upande wa pili, na nikapiga ukelele ambao sijawahi kumpigia mama yangu.

Aliuweka mrashi chini taratibu, akauliza, "Nimeiua?"

Nikaikumbatia kadi kifuani nikatoka nayo mbio hadi kwa fundi wa simu, huku nikinukia kama natoka harusini. Akaniambia, akijizuia kucheka, kwamba ni bahati yangu kadi haikuwa na umeme ndani. Akaifungua, akaiosha kwa spiriti, akanionya nisiichomeke mpaka ikauke kabisa. Nikiwa na haraka, akasema, nitamaliza mwenyewe kile ambacho marashi hayakumaliza.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, hawakuyataja marashi. Nikaiweka kadi juu ya kabati, mahali penye upepo. Mama naye hakuushika mrashi, hakushika hata kofia yake. Alikuwa akipita chini ya lile kabati kila mara, akitazama juu, midomo ikimchezacheza kwa dua.

Jumamosi baada ya Alasiri nikaichomeka. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, zikasimama. Nikaichomoa, nikaikandamiza tena mpaka ikalia ta, nikabonyeza. Safari hii feni zikaendelea kuzunguka. Kioo kikakaa cheusi muda mrefu, kisha kikawaka, na harufu ya waridi vuguvugu ikatoka nyuma ya sanduku.

Mchezo ukafunguka. Jina lake lilikuwapo. Lori lake lilikuwa barabarani, peke yake, linakwenda. Nikalifuata nyuma, nikamsalimia kama kwamba tuliachana jana, maana ukimuuliza moja kwa moja atakimbia. Akaitikia salamu. Tukaenda. Baada ya muda akasema kwamba kila Jumamosi alikuwa akiingia akitutafuta, akadhani tumekasirika, na kwamba simu zangu ni za kumgombeza. Kisha, akikata kona, akasema kwamba kazi alishaachishwa kitambo. Anakaa kwa hisani ya wenzake, nauli hana, na aliona bora apotee kuliko kurudi mikono mitupu katika nyumba ambayo dari inaanguka.

Nilifungua kinywa, lakini mkono wa mama ulikuwa umekwisha kunishika bega. Akaisogelea spika, kwani hakuwahi kujua kwamba maikrofoni ni kitu kingine.

"Ndoo," akasema. Ndivyo sisi husema njoo, kama tusemavyo tini kwa chini. "Ndoo vivyo hivyo, mwanangu. Dari tutailalia tini yake sote."

Mbele yangu taa nyekundu za lori lake zikawaka. Likapunguza mwendo, likatoka barabarani, likasimama. Katika safari zetu zote hakuwahi kusimama. Nikasimamisha langu nyuma yake, na kwenye spika ikaja sauti ya mtu mzima anayelia bila kazi yoyote mikononi.