Piga ama Pinga

Diwani wa mtaa wetu wa Kingstanding, huku ughaibuni, huinua mkono baada ya wengine. Najua kwa sababu mwalimu wa uraia alitupa kazi ya nyumbani: chagua diwani, tazama video za baraza, eleza amepigaje kura tangu achaguliwe. Nilimchagua huyu kwa sababu Mama alimpenda mno, nami nilitaka kitu cha kumchokozea.

Alianza kwa kulalamikia mashimo barabarani, akaingia bodi ya shule, kisha baraza. Taa za mtaani zipunguzwe? Anamtazama mama mmoja mwenye miwani nyekundu kiti cha mbele, halafu mkono juu. Maktaba ipunguziwe saa? Miwani, mkono. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu, mpaka nikafika kura ya klabu yetu ya vijana. Ifungwe? Miwani. Mkono.

Kila Jumamosi Mama hukusanya Waswahili pale. Wakenya, Wakongo na Watanzania wanabishana kuhusu pilau, sisi tunacheza pool. Kura ile ilikuwa ya kwanza tu. Ya mwisho ilikuwa bado. Na Jumamosi iliyofuata diwani alikuja kuomba kura zetu.

Alizaliwa Nairobi, akakulia Uholanzi. Akasimama kando ya birika la chai.

"Ndugu zangu, kufungwa kwa klabu hii, mimi nilipinga!"

Makofi. Mama akapiga vigelegele. Nikasimama.

"Samahani, Mheshimiwa. Ni pinga, ama ni piga? Maana kwa video mkono ulikuwa juu."

"Wewe!" Mama akafoka. "Keti kabla sijakuketisha!"

Diwani akatabasamu. "Kijana amesikia vibaya. Nilisema nilipiga. Nilipiga kura. Kiswahili changu kimechakaa huko Uholanzi."

Mzee mmoja Mkongo alicheka hadi chai ikamtoka puani. "Eh, papa! N moja tu, na klabu imekwenda!"

Mama hakucheka. "Ulipiga ukitaka nini, Mheshimiwa?"

"Ifungwe," akasema polepole. "Lakini dada, kiranja wa chama, yule wa kutuambia tupigeje kura, alitoa amri."

Kumbe ndiye yule wa miwani. Nikamwaza kiranja wa shule yetu, yule wa kunyang'anya watu krispi.

"Mimi nilikuwa kiranja darasa la saba," Mama akasema. "Mwalimu aliniambia niandike majina ya wapiga kelele. Nikakataa, nikachapwa mbele ya paredi nzima. Wewe ungefanywa nini?"

"Wangeninyima tiketi ya chama."

"Haya. Kura ya mwisho tutakuja kukutazama."

Tulienda kweli, mimi na yeye, tukakaa juu kwenye viti vya wananchi. Sikuweza kutulia. Nilifunga na kufungua zipu ya koti hadi Mama akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho kuliko wangu. Hoja ikasomwa. Diwani akamtazama yule wa miwani. Akainua macho, akatuona. Kisha akaweka simu sikioni, akainama kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akatoka nje. Simu yenyewe haikuwa imelia.

Mikono ikahesabiwa. Klabu ikafungwa.

Ndani ya basi nilikuwa na vichekesho chungu nzima, hakuna hata kimoja kilichokubali kutoka.

"Ungenyamaza siku ile," Mama akasema akitazama nje, "ningemfanyia kampeni mtaa mzima."

Sikujua kama ananigombeza ama ananishukuru, na sikuthubutu kuuliza.

Tulipofika nyumbani, hata kabla ya kuvua koti, alibandua bango la diwani dirishani. Akasimama katikati ya sebule, akaanza kuipima kwa macho.

"Jumamosi watu watatoshea hapa?"

"Hawatatoshea, Mama. Wakongo peke yao hawatatoshea."

"Basi tutatumia na chumba chako. Panda juu, tukitoe hicho kitanda."